Rolex ya Kampala na Mikono Inayoipika



Juma hili naomba ruhusa yenu niandike juu ya chakula. Najua wapo watakaoshangaa, kwa kuwa si majira ya mfungo wala si karamu ya parokia. Nataka kusema juu ya chapati moja na mayai mawili, chakula ambacho kila aliyewahi kwenda na basi kuhiji Namugongo amekila, au walau amekinusa, usiku akiwa kandokando ya barabara ya kuingia Kampala. Waganda wanakiita rolex.

Kwa wale ambao hawajakiona, nieleze kwanza namna kinavyopikwa. Kijana amesimama nyuma ya meza ya mbao chini ya mwavuli mkubwa. Mbele yake kuna jiko la mkaa na juu ya jiko kikaango bapa cha chuma, kipana kuliko sinia. Unga wa ngano ameukanda mapema katika beseni, kwa maji, chumvi na mafuta, akaukata madonge na kuyafunika kwa kitambaa ili yalainike. Ukiagiza, donge moja linasukumwa na kuwekwa kikaangoni. Au, kama wateja ni wengi, chapati zimekwisha kuiva na zinangoja katika sanduku la kioo. Kisha anavunja mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, anatia kabichi iliyokatwa nyembamba, kitunguu, nyanya, pengine pilipili hoho, na chumvi kidogo, anakoroga kwa uma kwa kasi ya ajabu, anamimina. Mayai yakianza kushikana anaiweka chapati juu yake, anageuza vyote kwa pamoja, anapanga vipande vya nyanya mbichi, anaviringisha na kukufungia katika karatasi au mfuko wa plastiki. Kazi yote hiyo huchukua dakika chache tu, nawe unaondoka na chakula cha jioni mkononi, bila sahani wala kiti.

Jina nalo lina mzaha wake. Kwa Kiingereza mayai yaliyoviringishwa ni rolled eggs. Litamke haraka kama wanavyolitamka watu wa Kampala, utaisikia ile saa ya Uswisi ambayo bei yake ingewalisha wanafunzi wa bweni zima kwa muhula. Sijui kama watengenezaji wa saa wanacheka. Sisi wengine tunacheka.

Simulizi inayokubalika na wengi ni kwamba rolex ilizaliwa Wandegeya, mtaa ulio chini ya kilima cha Chuo Kikuu cha Makerere, kwenye mikono ya wauza chapati waliotoka Busoga, mashariki mwa nchi. Ili kuelewa kwa nini ilizaliwa pale, yafaa kukumbuka jambo moja. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, na idadi yao ikapita uwezo wa mabweni. Wengi walipanga vyumba Wandegeya na Kikoni, mahali pasipo na bwalo la chakula, na fedha zao zilikuwa za kuhesabu. Mwanafunzi aliyetoka maktaba usiku hakuwa na jiko wala muda. Muuza chapati alikuwa na jiko, na jirani yake alikuwa na mayai. Haikuhitaji kamati. Njaa ya mmoja na riziki ya mwingine zilikutana kandokando ya barabara, na baada ya miaka michache chakula hicho kikaenea nchi nzima.

Lakini chapati yenyewe ina safari ndefu zaidi. Ilikuja Afrika Mashariki pamoja na Wahindi, wafanyabiashara wa pwani kwanza, na baadaye wale vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa, kazi iliyoanza mwaka 1896 na kufika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Wengi wao walirudi kwao, wengine walibaki, na walipofungua maduka hadi Jinja na kulima miwa Kakira, mkate wao ulifuatana nao. Kakira iko Busoga. Kwa hiyo mimi huona si ajabu kwamba Wasoga ndio waliokuja kuwa mabingwa wa chapati Kampala, ingawa hilo ni wazo langu tu na sitagombana na mtu juu yake. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, na makumi ya maelfu waliondoka wakiacha nyumba, viwanda na maduka. Chapati haikuondoka. Miaka ishirini na ushei baadaye mtoto wa mkulima wa Busoga aliiviringisha na mayai, na leo ukimwuliza kijana wa Kampala chakula cha taifa lake atakutajia matoke, kisha atakutajia rolex.

Nimelisema hilo kwa kusudi. Imewahi kutokea, basi, kwamba chakula kikapendwa na waliokileta wakafukuzwa. Na hapo ndipo lilipo jambo linalonisumbua juma hili, kwa maana naona linajirudia kwa namna nyingine.

Katika miaka ya karibuni rolex imepewa heshima kubwa. Mwaka 2016 ilifanyiwa tamasha lake, na Waziri wa Nchi wa Utalii wa wakati huo, Godfrey Kiwanda, aliitangaza hadharani kuwa mojawapo ya mambo ya kumvutia mgeni nchini. Magazeti na televisheni za ng'ambo ziliisifu. Tarehe 25 Novemba 2021 Mganda mmoja, Raymond Kahuma, akiwa na wenzake zaidi ya 60, alipika rolex ya kilo 204.6, kwa mayai 1,200 na kazi ya zaidi ya saa 14, akaandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Mahoteli makubwa nayo sasa yanaiandika katika orodha ya vyakula vyao, ikiletwa mezani juu ya sahani nyeupe, imekatwa vipande, kwa bei ambayo mtu wa Wandegeya angedhani umemtania.

Sina neno na hayo yote. Ni vema nchi ikikipenda chakula chake. Ila heshima hiyo imekwenda kwa chakula, na sioni kwamba imemfikia mpishi. Yule kijana wa mwavuli bado ni mtu wa kufukuzwa. Januari 2022, miezi miwili tu baada ya ile rekodi, Mamlaka ya Jiji la Kampala iliendesha zoezi la kuwaondoa wachuuzi katika barabara za katikati ya jiji. Sisi wa Tanzania tusijione wema zaidi, maana Oktoba 2021 machinga wetu nao waliondolewa katika barabara za miji mikubwa, na mama lishe wengi wanakumbuka walivyouanza upya mwaka ule. Mji mmoja unaweza kukitangaza chakula kwa watalii na papo hapo kumhesabu anayekipika kuwa uchafu wa barabara. Nadhani jambo hilo lina kasoro, na kasoro hiyo ni ya dhamiri kabla ya kuwa ya mipango miji.

Mwaka 2023, mkesha wa Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, basi letu la mahujaji kutoka Kagera liliingia Kampala usiku likitokea Mutukula na Masaka. Watu walikuwa na njaa. Dereva akasimama mahali penye majiko matatu manne yaliyokuwa yakiwaka, na sote tukashuka. Nilisimama mbele ya kijana mmoja, mwembamba, mwenye mikono myepesi. Nilichokitambua baada ya muda ni kwamba kila alipomimina mayai aliinua macho na kutazama barabara, kushoto na kulia, kisha akarudi kwenye kikaango. Nilimwuliza kama anamngoja mtu.

"Hapana, Faaza," akajibu, kwa Kiganda kilichochanganyika na Kiswahili cha kubahatisha. "Natazama gari lisije."

Gari lenyewe ni la askari wa jiji. Alinionyesha jinsi alivyoipanga meza yake: unga na trei ya mayai viko upande mmoja ili aweze kuvibeba kwa mkono mmoja na kukimbia. Jiko haliwezi kubebwa likiwa na moto. Jiko huliacha. Katika mwaka mmoja alikuwa ameacha majiko mawili na vikaango vyake.

Wakati huo mmoja wa wenzetu, mtu mwema na mwenye uwezo wake, alikuwa akiomba apunguziwe bei. Alibishana kwa dakika kadhaa, kwa furaha, kama tunavyobishana sokoni, mpaka akapata punguzo la shilingi 500 za Uganda, kiasi ambacho kwetu hakinunui hata andazi la maana. Kijana alikubali. Mwenzetu alipokwenda zake nikamwuliza kama bado imebaki faida. Akacheka kidogo.

"Faaza, mayai nimeyanunua. Ngano nimeinunua. Mkaa nimeununua. Hivyo havipungui. Kinachopungua ni mimi."

Neno hilo nilikwenda nalo Namugongo, na kwa kweli sikulipenda lilivyonifuata wakati wa ibada. Kesho yake yule mwenzetu alinunua chupa ya maji mahali penye viti vya kitambaa, kwa bei mara mbili ya ile ya dukani, wala hakuuliza. Sisemi hivyo kumhukumu yeye. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi: kwa mwenye shati lililopigwa pasi natoa fedha kimya, kwa mwenye mikono ya unga nasimama kudai haki yangu.

Tuhesabu pamoja. Trei moja ina mayai 30, yaani rolex 15 za mayai mawili mawili. Kijana anayeuza trei mbili kwa usiku ameuza rolex 30. Katika bei ya kila moja kuna mayai, unga, mafuta, mboga, mkaa, na mara nyingi kodi ya pale aliposimama, hata kama ni kandokando ya ukuta wa mtu. Kinachobaki ni kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachopelekwa kijijini kwa simu mwisho wa mwezi. Akinyang'anywa jiko na kikaango, usiku mwingi umekwenda.

Na nyakati hazikumhurumia. Rolex ni biashara ya usiku na ya wanafunzi. Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, vyuo vilifungwa, na kuanzia mwisho wa mwezi huo watu walikatazwa kutoka nje tangu saa moja jioni. Amri ya usiku ilidumu, ikibadilika saa zake, hadi Januari 2022. Hebu fikiri maana yake kwa mtu ambaye wateja wake huanza kuja saa moja jioni. Kabla hajapumua, Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Uganda hulima ngano kidogo, hasa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na sehemu kubwa huiagiza kutoka nje. Bei ya unga ikapanda, ya mafuta ya kupikia ikapanda. Siku ya Wafanyakazi ya mwaka huo Rais Museveni aliwashauri wananchi kwamba wasipopata mkate wale mihogo. Ushauri huo una hekima yake kwa mwenye shamba la mihogo. Mwenye mwavuli Wandegeya hawezi kuviringisha muhogo.

Wengi walifanya nini? Chapati ikawa ndogo. Bei ilipogoma kupanda, donge lilipunguzwa, na mlaji akajikuta analipa fedha ile ile kwa mkate mwembamba. Watu walilalamika kwamba wanaibiwa. Niliwahi kuulizwa kama huo si wizi kweli. Nilijibu kwamba wizi una siri ndani yake. Chapati ile ilisukumwa mbele ya macho ya mnunuzi, juu ya meza, chini ya taa; aliyetaka kubwa zaidi angeweza kusema na kuongeza fedha. Mwenye dhamira ya kudanganya haonyeshi donge lake kwa mteja.

Ni haki pia kuusikiliza upande wa pili, kwa maana hautoki katika ukatili tu. Njia ya waenda kwa miguu ikijaa majiko, mama mwenye mtoto mgongoni anasukumwa barabarani katikati ya pikipiki. Mwenye duka analipa pango na kodi, na mbele ya mlango wake mtu mwingine anauza bila kulipa chochote. Maji ya kuoshea nyanya na kabichi mara nyingine ni ya ndoo moja tangu asubuhi, na nyanya ile huliwa mbichi. Plastiki ikiguswa na chakula cha moto haifai. Mkaa nao una gharama yake kwa misitu. Mtu anayesema kwamba mji unahitaji utaratibu hajakosea, na mimi nisingependa wasomaji wangu waende Kampala wakaugue tumbo kwa sababu nimewasifia rolex.

Lakini tazameni orodha hiyo ya kasoro. Maji machafu yanatibiwa kwa bomba. Njia iliyojaa inatibiwa kwa kupanga nani asimame wapi na saa ngapi. Saa tatu usiku maduka yamefungwa na njia haina watu wa kuizuia. Kutolipa kodi kunatibiwa kwa ada ndogo inayolipika kwa siku, si leseni ya mwaka mzima inayodaiwa kwa mkupuo kwa mtu asiyejua kesho atakuwa wapi. Sioni kasoro hata moja ambayo dawa yake ni kuchukua jiko. Na kuwapeleka watu hawa katika soko la ghorofani au nje ya mji, kama inavyofanyika mara nyingi, ni kusahau kwamba rolex huliwa na mtu anayepita. Hakuna anayepanda ghorofa ya tatu usiku kutafuta chapati. Waliosimama pale barabarani walisimama kwa sababu njaa hupita pale.

Katika Kumbukumbu la Torati kuna sheria ndogo ambayo tunaisoma haraka. Inakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia la mwenzake kuwa rehani ya deni, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wake. Deni halikufutwa, mdai alikuwa na haki yake na angeweza kuidai. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ndani ya nyumba ya maskini ambacho mkono wa mdai haukuruhusiwa kukigusa, nacho ni kile kinachompatia chakula cha kesho. Nikiwaza kijana yule anayeacha jiko likiwaka na kukimbia na trei ya mayai kifuani, naona kwamba sheria hiyo inamhusu yeye moja kwa moja. Mwenye gari akiegesha vibaya hutozwa faini, kisha hurudishiwa gari lake. Mwenye jiko naye atozwe faini kama amekosa. Jiko arudishiwe.

Wapo mnaofanya kazi katika halmashauri zetu, na wengine ni madiwani. Najua mnasoma ukurasa huu kwa sababu mara nyingine mnanipinga, na ninafurahi. Mnapokaa kupanga maeneo ya wachuuzi hapa kwetu, mchukueni mama lishe mmoja na muuza chipsi mayai mmoja mkae nao siku nzima mezani, si kwa kuwasomea maamuzi, bali kwa kuwauliza wateja wao hutoka wapi na saa ngapi. Wanalijua hilo kuliko mtaalamu yeyote mtakayemlipa.

Na sisi tunaonunua tuna sehemu yetu, iliyo nyepesi zaidi. Yule kijana aliponifungia rolex yangu ya pili (nilikuwa na njaa, sitaficha) nilimpa noti ya shilingi 20,000, na hakuwa na chenji. Aliomba kwa jirani zake wawili, wakakosa. Ikabidi aache jiko na kukimbia ng'ambo ya barabara kutafuta, huku mayai ya mteja mwingine yakianza kuungua, nami nikabaki nimeshika uma wake nisijue nifanye nini nao. Mwezi Juni, basi letu litakapopita Mutukula, nitawaomba mahujaji wote wabadilishe fedha zao wapewe noti ndogo ndogo, na watakaposhuka usiku ule, bei watakayotajiwa wailipe kamili.